Vumbi la Migato Linahamia kwa Nani?

Kiangazi kikishika, kati ya Juni na Oktoba, barabara za kata ya Migato hulainika kama unga wa muhogo. Gari likija, anayelisubiri huona wingu kabla ya kuona gari. Wingu husimama kando ya njia, mlango hufunguliwa, salamu za Kisukuma za mwangaluka hupokewa kutoka kiti hadi kiti, na kila anayepanda hupanda na kipande cha shamba lake: kwenye kandambili, kwenye upindo wa kitenge, kwenye kitako cha kiroba cha dengu, kwenye miguu ya kuku aliyefungwa. Safari ikiisha, abiria huteremka na mizigo yao. Vumbi hubaki.

Migato iko Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Wengi bado huitaja kwa pumzi moja na Bariadi, kwa kuwa huko ndiko makao makuu ya mkoa, na huko ndiko inakopita lami itokayo Lamadi karibu na Ziwa Victoria kwenda Maswa hadi Mwigumbi. Dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, akishatoka kwenye njia ya vumbi na kukanyaga lami, huanza kuliona gari lake kwa macho mengine. Kwa nje halimsumbui, ndoo mbili za maji na kitambaa zinatosha. Kazi iko ndani. Kapeti imebadilika rangi, nyuzi za pamba zimeng'ang'ania kwenye viti, maganda ya karanga yamejificha kwenye reli za kiti cha mbele, na kwenye dashibodi mtu anaweza kuandika jina lake kwa kidole.

Kwa mwenye gari wa leo, jibu linalouzwa ni kifyonza vumbi cha mkononi, kile ambacho wengi hukiita vakyumu: kidogo, chepesi, kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara au kinachobeba betri yake chenyewe. Viko vya kila bei, na swali la kipi kinunuliwe linaonekana kuwa la dukani tu. Lakini hakuna awezaye kuchagua chombo cha kuondolea uchafu kabla hajaamua uchafu ni nini. Na akishaamua, swali zito zaidi linamngoja. Uchafu huo ukitoka kwake, unakwenda kwa nani?

Tuanze na vumbi lenyewe. Msukuma anayelima hazungumzi juu ya udongo kwa ujumla. Kila udongo una jina lake. Luseni ni ule mwepesi wa kichanga. Itogolo ni ule wa mteremkoni, unaokauka ukawa mgumu kama sakafu. Ibushi una chokaa. Mbuga ni mweusi mzito wa bondeni, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata miguuni wakati wa mvua. Kutoka juu ya kilima hadi bondeni aina hizi hufuatana kwa mpangilio unaojulikana, na mkulima hupanga mazao yake kwa kuufuata. Mwaka 1935 mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika, aliupa mfuatano wa namna hiyo jina la kitaalamu, katena, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani kote.

Basi kilichoko kwenye kapeti ya mchomoko ni katena iliyovurugwa. Luseni ya huyu imekutana na mbuga ya yule. Shambani punje hizo ni mali. Watu hurithishana na kupelekana mahakamani kwa ajili yake. Zikipanda gari mita mbili tu kutoka shambani, zinaitwa uchafu.

Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyeishi na Walele wa Kasai, Kongo, kuanzia mwaka 1949, alilitazama jambo hili kwa makini. Katika kitabu chake cha mwaka 1966, "Purity and Danger", alidai kwamba hakuna kitu kilicho kichafu kwa asili yake. Kitu huitwa kichafu pale kinapovunja mpangilio ambao watu wamejiwekea: viatu havina tatizo sakafuni, juu ya meza ya chakula vinatia kichefuchefu. Kwa kipimo hicho, anayesafisha gari lake anarudisha utaratibu wa dunia yake ndogo, na kuna kitu cha kiibada katika kazi hiyo hata kama hajui.

Dini zinazofuatwa na watu wa Afrika Mashariki hazikulidharau vumbi hata kidogo. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba mtu wa kwanza aliumbwa kwa mavumbi ya ardhi, na Wakatoliki hukumbushwa asili hiyo kila Jumatano ya Majivu kwa alama ya majivu. Uislamu ulikwenda mbali zaidi. Kurani, katika sura ya An-Nisai na ya Al-Maida, inamruhusu asiyepata maji kujitoharisha kwa udongo safi, na ibada hiyo inaitwa kutayamamu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, sharti ni udongo wenye vumbi. Jiwe tupu halitoshi. Vumbi lilelile ambalo mwenye gari analipigia vita kwenye kiti linaweza kumwandaa msafiri kusimama mbele ya Mola wake.

Ndiyo maana fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, ikatenganisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kuna uchafu, na kuna najisi. Vumbi na tope ni uchafu wa macho. Damu na mkojo ni najisi. Nguo yenye vumbi haibatilishi sala. Nguo inayong'aa yenye tone la najisi huizuia. Kiswahili nacho kina hekima yake hapa: kitenzi kutakata, kuwa safi kama anga baada ya mvua, ndicho kilichozaa kutakasa, na ndicho kilichozaa takatifu. Anayesema "Roho Mtakatifu" na anayesema "shuka limetakata" wanachota kisima kimoja.

Hapa mtu angeweza kufunga hoja kwa kusema kwamba vumbi halina kosa, kwa hiyo aache gari lilivyo. Asifunge mapema. Kipimo cha Douglas kinaeleza kwa nini vumbi kwenye kiti linaudhi, na kipimo cha fikihi kinaeleza kwa nini halimharibii mtu sala. Vyote viwili havijasema vumbi hilo linafanya nini likiingia kifuani mwa mtu.

Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Punje za vumbi zilizo chini ya mikromita 10 huvuka pua na koo, na zile zilizo chini ya mikromita 2.5 hufika kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu. Punje hizo jicho halizioni zikiwa moja moja. Huonekana tu jua linapopenya dirishani zikielea. Chembe nzito za luseni hukaa kwenye kapeti na hazimdhuru mtu sana. Zile laini hurushwa kila mlango unapobamizwa, na anayezivuta zaidi kuliko wote ni yule anayekaa humo kutwa nzima, au anayelipwa kulisafisha gari.

Mahali pengi pa kuoshea magari, chombo cha kusafishia ndani ni kompresa. Kijana hufungua milango yote, hushika mpira wa hewa, na hupuliza: chini ya viti, kwenye mikunjo, kwenye matundu ya kiyoyozi. Kazi inakwenda haraka na inaridhisha macho. Ndani ya dakika chache gari limetakata. Lakini vumbi halikutoweka. Limemwingia kijana mwenyewe puani, limetua kwenye sufuria ya mama lishe wa jirani, na limeangukia gari la pili kwenye foleni.

Tatizo hili lina historia. Mwaka 1901 jijini London, mhandisi Hubert Cecil Booth alialikwa kutazama mashine mpya iliyoondoa vumbi kwa kulipuliza. Aliona vumbi likiruka na kutua tena palepale. Akauliza kwa nini isivute badala ya kupuliza, akaambiwa haiwezekani. Baadaye, akiwa mgahawani, aliweka kinywa chake kwenye kiti cha kitambaa kizito na kuvuta hewa kupitia leso. Nusura apaliwe. Leso ilipogeuzwa, upande mmoja ulikuwa na alama nyeusi ya vumbi lililokamatwa. Mwaka huohuo akapata hataza. Mashine yake ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi, ikisimama barabarani huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo zilizojulikana sana ilikuwa kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba mwaka 1902.

Kile kidogo cha kubebeka kilitoka kwa mtu mwingine kabisa. James Murray Spangler alikuwa mfagizi wa jengo la duka mjini Canton, Ohio, na alikuwa na pumu. Ufagio ulimtimulia vumbi usoni kila zamu. Kwa mota ya feni, kasha, mpini wa ufagio na foronya ya mto alijiundia kifyonza vumbi chake, akapata hataza Juni 1908, kisha haki zake zikanunuliwa na familia ya Hoover. Booth alikuwa ameuliza vumbi linakwenda wapi. Spangler alikuwa analijua jibu kwa sababu lilikuwa likienda kifuani mwake. Foronya ile, iliyolizuia vumbi lisimrudie, ndiyo sehemu ya mashine ambayo mnunuzi wa leo huiangalia mwisho, au haiangalii kabisa.

Anayechagua huvutiwa kwanza na nguvu. Kwenye boksi imeandikwa paskali 8,000, au 15,000, au zaidi. Tarakimu hizo zinastahili kueleweka. Mwaka 1644 Mwitalia Evangelista Torricelli alieleza kwamba binadamu anaishi chini ya bahari ya hewa na uzito wake unamkandamiza daima; ndani ya neli yake ya zebaki alionyesha nafasi ambayo haikuwa na hewa. Wanafalsafa waliomfuata Aristotle walikuwa wamefundisha kwa karne nyingi kwamba ombwe haliwezi kuwepo. Sasa liko mkononi mwa dereva. Kifyonza vumbi hupunguza hewa ndani yake, na hewa ya nje, kwa kukimbilia kuijaza nafasi ile, ndiyo inayosukuma vumbi kuingia. Kwenye usawa wa bahari hewa hukandamiza kwa kilopaskali 101. Kwenye Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya bahari, ni karibu 88, na Migato iko juu zaidi ya usawa wa ziwa. Kwa hiyo namba kubwa ya dukani inaeleza tofauti ya kanieneo tu, na tena huwa imepimwa tundu likiwa limezibwa. Kinachobeba mchanga kutoka kwenye kapeti ni wingi wa hewa inayopita kwa sekunde, na hilo mara nyingi halikuandikwa kwenye boksi. Mnunuzi aombe kijaribiwe hapohapo dukani, kwa kiganja cha mchanga kwenye kipande cha zulia.

Umeme una mipaka yake pia. Tundu la kuwashia sigara hutoa volti 12, na fyuzi yake kwa kawaida huhimili ampea 10 hadi 15; hesabu inatoa wati 120 hadi 180, mambo yakienda sawa. Kifyonza cha nyumbani kinaweza kufikia wati 1,000 na zaidi. Hicho cha waya kina faida ya kutokuisha katikati ya kazi, ila waya uwe mrefu wa kufika buti, na injini iwe inaunguruma kama betri ya gari imechoka. Cha betri ya lithiamu kinafika popote na kinafaa kwa kijiji ambacho umeme hukatika, lakini vingi hufanya kazi dakika 15 hadi 30 tu, na betri isiyobadilishika ikifa chombo kizima hugeuka taka. Hiyo nayo ni taka inayohitaji mahali pa kwenda.

Kisha lije chujio, mrithi wa ile foronya. Chujio la kiwango cha HEPA, lililotokana na utafiti wa miaka ya 1940 wa kuzuia chembe zenye mionzi, hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Chujio la wavu mtupu hunasa mchanga na maganda ya karanga, halafu hupulizia vumbi laini nyuma, usawa wa uso wa anayeshika mashine. Kifyonza cha namna hiyo ni kompresa iliyofichwa. Kwa vumbi la Simiyu, laini kwa mbuga na kali kwa luseni, chujio huziba upesi. Basi liwe la kutoka na kuoshwa, livuliwe na kukung'utwa kila baada ya gari moja, na likaushwe kabisa kabla ya kurudishwa, na la akiba lipatikane. Chombo chenye mota ya wastani na chujio zuri kinamtendea haki aliyekishika kuliko chenye ngurumo kubwa na wavu.

Punje za mchanga zina kesi nyingine Simiyu, na hiyo inajulikana na kila mtu. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa karibu na Mei, pamba hupangwa kwa madaraja mawili, na majina yake yanatosha kuwa mahubiri: ya kwanza ni pamba safi, ya pili ni pamba fifi. Na karibu kila msimu viongozi hurudia onyo lilelile, kwamba mkulima asitie maji wala mchanga kwenye pamba ili kuongeza uzito mizanini. Anayefanya hivyo anachukua luseni kutoka shambani kwake na kuihamishia kwa mwingine asiyeiona: kwa chama cha msingi cha ushirika, kwa kiwanda ambacho mashine zake zinalika, kwa mkulima mwenzake ambaye pamba yake iliyotakata inashushwa bei kwa jina baya la eneo zima. Wapo pia wanunuzi wanaochezea mizani, nao wanamhamishia mkulima hasara kwa njia nyingine.

Injili ya Mathayo inamweka Yesu akiwakemea watu wanaosafisha kikombe kwa nje huku ndani kumejaa unyang'anyi. Neno hilo linapita haraka masikioni mwa wasomaji: ubaya uliotajwa ndani ya kikombe ni dhuluma. Kurani nayo ina sura nzima inayoanza kwa kuwalaani wanaopunja katika vipimo, Al-Mutaffifin. Vitabu vyote viwili vinaupima usafi wa mtu kwa kile ambacho jirani yake amebebeshwa. Kwa kipimo hicho, gari lililopulizwa likang'aa huku kijana aliyelipuliza akikohoa usiku halijasafika, hata kama hakuna punje iliyobaki kwenye kapeti. Limehamisha deni.

Atakayepinga ana hoja ya kusikilizwa. Atasema kwamba katika kata ambayo wengi hutembea kwa miguu au kwa mkokoteni wa ng'ombe, mjadala wa kifyonza vumbi ni wa wachache wenye magari, na ufagio wa chelewa na kitambaa kibichi vimesafisha vya kutosha tangu enzi. Kuhusu kitambaa ana haki kabisa. Kitambaa kilicholowanishwa kidogo hulikamata vumbi badala ya kulirusha. Kwa dashibodi na plastiki za milangoni hakuna mashine inayokizidi, na bei yake ni fulana kuukuu. Ufagio mkavu ndio wenye kasoro ya kompresa. Na kwa kapeti na viti vya kitambaa, maji mengi hugeuza mbuga kuwa tope linalozama ndani ya nyuzi.

Tena maji yenyewe ni suala la haki huku. Simiyu ni mkoa wa ukame wa mara kwa mara, ndiyo maana ukabuniwa mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria hadi Busega, Bariadi na Itilima kwa msaada wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Mtume alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kando ya mto unaotiririka. Kata ambayo mtoto hutembea na ndoo kichwani ina sababu zaidi ya kuipa thamani njia ya kusafisha isiyohitaji maji. Wala chombo hakihitaji mmiliki mmoja: kifyonza kimoja kizuri chenye chujio la kweli, kikinunuliwa na madereva wa kituo kimoja na kutumiwa kwa zamu, kinamgharimu kila mmoja kidogo na kinamwondoa kijana wa kompresa kwenye wingu. Na yule kijana apewe barakoa, hata kabla ya kifyonza kununuliwa.

Inabaki hatua ambayo matangazo hayaionyeshi kamwe. Kopo linajaa. Lina uzito kidogo, na ndani yake mna rangi mbili, kijivu cha luseni na weusi wa mbuga, pamoja na mbegu mbili tatu za pamba zenye manyoya bado, unyoya mmoja wa kuku na kipande cha ganda la karanga. Anayelimwaga kwenye upepo atalivuta tena. Anayelimwaga kwenye pipa la taka la stendi analichanganya na plastiki na kulipeleka litakakochomwa pamoja nazo. Dereva anayerudi Migato jioni anaweza kuliacha hadi afike, akasimama ukingoni mwa shamba, akatazama upepo unakotoka, akaokota vipande vya plastiki kwa mkono, akachuchumaa na kulimimina polepole karibu na ardhi, kati ya mabua ya pamba yanayosubiri kung'olewa, kisha akagonga kopo mara mbili kwa kiganja na kurudi garini, baada ya kukung'uta kandambili zake nje ya mlango.